Njia Panda ya 1887: Kongo katika Historia na Historia Mbadala

Riwaya ya historia mbadala huhukumiwa zaidi kwa mahali inapoachana na yaliyotokea kuliko kwa umbali inaofika baadaye. Everfair (2016) ya Mmarekani Nisi Shawl inaachana nayo mwishoni mwa karne ya 19: wasoshalisti wa Uingereza wananunua ardhi kwa Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, na kuanzisha makazi huru Kongo. Mikono ya shaba wanayoundiwa waliokatwa yao huvuta macho, lakini nguvu ya riwaya imo katika dai la Mfalme Mwenda kwamba ardhi hiyo haikuwa ya Leopold hata aiuze. Dai hilo lingeweza kutolewa wakati uleule. Riwaya inadhoofika pale sura fupi zinaporuka miaka na msomaji akakuta maamuzi mazito yamekwisha kufanywa.

Kitabu cha historia hakikwepi mtihani huo. King Leopold's Ghost (1998) cha Adam Hochschild kinamnasa msomaji bandarini Antwerp, ambako Edmund Morel, mtumishi wa kampuni ya meli, anaona mpira na pembe za ndovu zikishushwa huku bunduki na risasi zikipakiwa kurudi Kongo. Kutokana na shehena anaugundua utumwa. Upande wa Wakongo kitabu kinapwaya. Hochschild mwenyewe anakiri uhaba wa sauti zao.

Kiswahili kina matini inayoziba sehemu ya pengo hilo, ingawa ya mtu asiye safi. Katika tawasifu yake, Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, anasimulia jinsi Stanley alivyomletea mwaka 1887 uwali wa Stanley Falls chini ya Leopold, kwa pauni 30 kwa mwezi, na Sayyid Barghash akamshauri akubali. Msimulizi alikwisha kujua vita vya 1892–1894 vilivyouvunja utawala wa Waarabu na Waswahili huko, lakini shauri lile analieleza kama jambo la biashara tu, na ndipo linapoaminika.

Mtunzi atakayemfanya akatae atalazimika kumtafutia baruti, mikopo kama ile ya Taria Topan, na sultani ambaye mapatano ya 1886 hayakumwachia ukanda wa pwani wa maili 10 tu bara. Atalazimika pia kuwatafutia maneno wapagazi na mateka, ambao katika tawasifu hiyo hawazungumzi.