Gunia na Jina: Msako wa Nairobi wa 1954 na Upanuzi wa Maana

Alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya askari wa Serikali ya kikoloni, chini ya amri ya Jenerali George Erskine, waliuzingira mji wa Nairobi. Operesheni hiyo iliitwa Anvil, yaani fuawe. Mitaa ya mashariki, Ziwani ikiwa mmojawapo, ndiyo iliyokuwa makazi ya Waafrika. Humo watu wa makabila mbalimbali walikaa ukuta kwa ukuta. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na jirani zao, na zaidi ya 20,000 wakatiwa kizuizini. Wengi walipelekwa Manyani na Mackinnon Road.

Yafaa kuuliza: kosa lao lilijulikanaje? Mshukiwa alipitishwa mbele ya mtu aliyevikwa gunia lenye matundu ya macho. Mtu huyo alitikisa kichwa tu. Wakikuyu walimwita gakunia, yaani kigunia. Vazi likawa jina la mvaaji, kwa kuwa uso wake haukujulikana. Lakini gunia lilikuwa hatua ya mwisho. Aliyefikishwa mbele yake alikuwa amekwisha kuchaguliwa na kitambulisho chake, kilichotaja kabila.

Hapa ndipo penye jambo la lugha. Tangu Hali ya Hatari ilipotangazwa mwezi Oktoba 1952, jina Mau Mau, ambalo wapiganaji wenyewe hawakujiita, lilikuwa likipanuka maana: kutoka kwa aliyekula kiapo hadi kwa aliyedhaniwa kula, na hatimaye hadi kwa kila aliyezaliwa katika jamii fulani. Wataalamu nao walichangia. J. C. Carothers, daktari wa akili aliyepata kuiongoza hospitali ya Mathari, aliandika taarifa ya mwaka 1954 akitafuta chanzo cha vita katika nafsi ya Mkikuyu kuliko katika ardhi aliyonyang'anywa. Kambini wafungwa walipangwa kwa rangi: weupe, kijivu na weusi, na weusi ndio waliohesabiwa kuwa wabaya kabisa. Hao wote, bila shaka, walikuwa watu weusi.

Vijijini zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu. Huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Kuyaita hayo mauaji ya kimbari ni kupita kiasi. Lakini njia ni ileile. Nchini Rwanda neno inyenzi, yaani mende, liliwahusu kwanza wapiganaji wa Kitutsi wa miaka ya 1960. Kufikia 1994 lilimhusu hata mtoto mchanga.

Uingereza ilieleza masikitiko yake mwezi Juni 2013 na kukubali kuwalipa fidia walalamikaji 5,228. Kabla ya hapo Kenya yenyewe ilikwisha kupita katika machafuko ya 2007 na 2008, yaliyoua watu zaidi ya 1,100, na ambamo wageni wa Bonde la Ufa waliitwa madoadoa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ililiweka neno hilo katika orodha yake ya maneno ya chuki. Orodha hiyo ina faida yake. Hata hivyo, neno lililowatoa watu vyumbani mwao Ziwani halikuwa tusi, wala lisingeonekana katika orodha yoyote: lilikuwa jina la kabila, limeandikwa kwa wino wa karani.