Mbunge Aliyechaguliwa Mara Tatu Ndipo Akaapishwa

Jumatatu, tarehe 10 Januari 1966, wabunge wa jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, walikusanyika Atlanta kula kiapo. Mmoja wao alikuwa kijana mwembamba wa miaka 25, Julian Bond, aliyechaguliwa katikati ya mwaka uliotangulia. Karani wa Bunge alikataa kumwapisha. Wenzake waliposimama na kuinua mikono, yeye aliachwa amekaa kitini peke yake. Siku hiyohiyo kamati maalumu ilimhoji, kisha Baraza la Wawakilishi likapiga kura: 184 walisema asipewe kiti, 12 walisema apewe.

Hakuwa ameiba kura, wala hakuwa na hatia mahakamani. Alikuwa na umri uliotakiwa, alikuwa mkazi wa eneo lake, na alikuwa tayari kuapa kwamba angeilinda katiba ya Marekani na ile ya Georgia. Kilichomponza ni kwamba siku nne kabla aliunga mkono tamko la kupinga vita vya Vietnam.

Kiti chenyewe kilikuwa kipya, na kupatikana kwake kuna historia ndefu. Georgia ina kaunti 159, na kwa miongo mingi kura za mchujo wa chama cha Democratic, ambazo ndizo zilizoamua nani atashika madaraka, zilihesabiwa kwa pointi za kaunti na si kwa vichwa vya wapigakura. Kaunti ya Fulton, yenye sehemu kubwa ya jiji la Atlanta na watu zaidi ya 550,000, ilipewa pointi 6. Kaunti ndogo ya Echols, yenye watu wasiofika 2,000, ilipewa pointi 2. Vijiji vya kaunti tatu vikilingana mawazo, vilikuwa na nguvu sawa na jiji zima. Bungeni nako maeneo ya mashambani yalikuwa na viti vingi kuliko idadi ya watu wake ilivyostahili. Mpango huo uliwanyima sauti watu wa mjini wote, lakini waliobanwa zaidi ni Weusi, kwa sababu mjini ndiko walikoweza angalau kujiandikisha bila kutishiwa maisha.

Mahakama ya Juu ya Marekani iliuvunja mfumo wa pointi mwaka 1963. Mwaka uliofuata ikaamua kwamba mabunge ya majimbo yote lazima yagawe viti kulingana na idadi ya watu. Georgia ikalazimika kuchora mipaka upya, Fulton ikaongezewa viti, na ndipo likazaliwa eneo bunge namba 136. Lilikuwa na wapigakura wapatao 6,500, na karibu 6,000 kati yao walikuwa Weusi.

Bond alizaliwa Nashville mwaka 1940, katika nyumba ya wasomi. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa Mweusi wa kwanza kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, chuo ambacho Nnamdi Azikiwe wa Nigeria na Kwame Nkrumah wa Ghana walikuwa wamesoma. Mwaka 1960 Julian alikuwa mwanafunzi wa Morehouse, Atlanta, wanafunzi Weusi walipoanza kukaa kwenye migahawa iliyotengewa Wazungu na kukataa kuondoka. Alishiriki kuandaa maandamano hayo, akakamatwa, kisha akawa miongoni mwa waanzilishi wa SNCC, kamati ya vijana waliokwenda vijijini Mississippi na Alabama kuwaandikisha watu kupiga kura. Kazi yake ilikuwa habari: kuandika taarifa, kupigia magazeti simu, kuhakikisha kwamba mtu akipigwa mahali pasipojulikana dunia inapata habari.

Vijana wale waliitazama Afrika kwa makini. Desemba 1963 Jaramogi Oginga Odinga wa Kenya alipopita Atlanta akiwa mgeni wa serikali ya Marekani, vijana wa SNCC walimtembelea hotelini. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani, wakanyimwa huduma kwa rangi yao, na baadhi yao wakaishia mahabusu. Mwaka uliofuata Bond mwenyewe alikuwa katika msafara wa SNCC uliokwenda Guinea.

Katika kampeni ya 1965 Bond na wenzake walipita nyumba kwa nyumba. Kabla ya kueleza sera waliwauliza watu wanataka nini, na majibu ndiyo yakawa sera: mshahara wa chini wa dola 2 kwa saa, nyumba bora, kufutwa kwa vikwazo vya kujiandikisha. Juni mwaka huo alimshinda mgombea wa Republican kwa zaidi ya asilimia 80 ya kura. Weusi wanane waliingia Baraza la Wawakilishi la Georgia katika uchaguzi huo, wa kwanza tangu mwaka 1907. Saba waliapishwa bila tatizo.

Tarehe 3 Januari 1966, Tuskegee, Alabama, mwanafunzi aitwaye Sammy Younge, mwenye miaka 21, aliyekuwa ametumikia jeshi la majini, alipigwa risasi na mhudumu wa kituo cha mafuta katika ugomvi wa choo cha Wazungu. Siku tatu baadaye SNCC ilitoa tamko. Lilisema serikali inadai kupigania uhuru Vietnam huku ikishindwa kumlinda raia wake nyumbani, na kwamba SNCC iko pamoja na vijana wasiotaka kwenda vitani. Bond hakuliandika tamko lile, lakini mwandishi wa redio alipompigia simu kumuuliza kama analiunga mkono, alijibu ndiyo. Aliongeza kwamba yeye hapendi vita vya aina yoyote, na kwamba anastahi ushujaa wa wanaochoma kadi zao za kuandikishwa jeshini wakijua adhabu inayowangoja. Mbele ya kamati ya Bunge alieleza kwamba hajamshauri mtu yeyote achome kadi, na kwamba yake ilikuwa mfukoni, wakitaka angewaonyesha.

Wabunge 75 walikuwa wameshatia saini pingamizi. Hoja yao ilikuwa kwamba mtu mwenye maneno hayo hawezi kula kiapo cha utii kwa moyo wa kweli. Nadhani hapo ndipo palipo kiini cha mkasa huu wote. Walidai mamlaka ya kuupima moyo wa mbunge mwenzao, wakati wenye haki ya kumpima, yaani watu wa eneo la 136, walikuwa wameshampima.

Watu hao waliandamana hadi jengo la Bunge, wakiongozwa na Martin Luther King. King naye alikuwa mpigakura wa eneo hilo, kwa hiyo aliingia katika kesi kama mwananchi aliyenyang'anywa mwakilishi wake. Howard Moore, wakili aliyekuwa shemeji yake Bond, alikuwa miongoni mwa walioipeleka kesi mahakamani. Majaji watatu wa shirikisho wakagawanyika: wawili wakasema Bunge lilikuwa na haki, mmoja, Elbert Tuttle, akapinga.

Wakati kesi inaendelea, kiti kilitangazwa kuwa wazi na uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari 1966. Bond akagombea akapita kwa kishindo. Mwezi Mei kamati ya kanuni ya Bunge ilimtaka ayakane maneno yake. Akakataa, ikamfungia mlango tena. Ukafika uchaguzi wa kawaida wa Novemba, akashinda kwa mara ya tatu. Miezi kumi na saba, chaguzi tatu, na wapigakura wale hawakuyumba hata mara moja. Wengi walikuwa watu wa vipato vidogo, ambao wangeweza kuchoka na kumtafuta mgombea asiye na makuu. Heshima ya historia hii ninawapa wao kwanza.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi, majaji tisa kwa sauti moja. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba Bunge la jimbo haliwezi kumzuia mbunge kwa maoni ambayo raia wa kawaida ana haki ya kuyatoa, na kwamba mwakilishi anahitaji uhuru mpana zaidi wa kusema, kwa kuwa wanaomchagua wanategemea kujua msimamo wake. Mwezi huohuo baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, lilimwachia huru aliyemuua Sammy Younge.

Bond aliapishwa tarehe 9 Januari 1967. Kesho yake Bunge alilohangaikia mwaka mzima lilikaa kumchagua gavana, kwa sababu hakuna mgombea aliyepata zaidi ya nusu ya kura. Likamchagua Lester Maddox, mwenye mgahawa aliyesifika kwa kuwafukuza wateja Weusi huku wafuasi wake wameshika mipini ya mashoka.

Msomaji wa Afrika Mashariki ataukumbuka mwaka 1966 kwa jambo jingine. Aprili mwaka huo Odinga alijitoa katika chama cha KANU, na Bunge la Kenya likabadili katiba haraka ili wabunge waliomfuata wapoteze viti na kurudi kwa wapigakura. Hoja ya Kenya, ya mbunge aliyehama chama, ina uzito wake. Hata hivyo, mabara mawili kwa mwaka mmoja yalitatizwa na swali lilelile: kiti ni cha nani?

Tangu kesi ile jina la Bond lilikuwa kubwa kuliko kiti chake. Agosti 1968, kwenye mkutano mkuu wa Democratic mjini Chicago, aliongoza ujumbe ulioupinga ule wa Maddox na kupata nusu ya viti vya Georgia. Wajumbe wakampendekeza hata kuwa mgombea wa makamu wa rais, akakataa kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Nyumbani kazi ilikuwa ya kawaida na ngumu. Bunge la Georgia hukutana kwa siku 40 tu za kazi kwa mwaka, na wabunge huwa na shughuli nyingine. Bond alizunguka nchi nzima akihutubia vyuo. Mwaka 1974 alichaguliwa kuingia Seneti ya jimbo, akakaa humo vipindi sita vya miaka miwili miwili.

Kazi yake kubwa zaidi huko ilihusu tena mipaka. Mwaka 1981, majimbo ya uchaguzi wa Kongresi yalipochorwa upya, alipendekeza eneo la tano, la Atlanta, liwe na Weusi asilimia 69. Wenzake wakapitisha ramani ya asilimia 57. Mwaka uliofuata mahakama ya Washington ikaona kwamba ramani hiyo ilichorwa kwa nia ya ubaguzi, na Georgia ikalazimishwa kupandisha kiwango hadi asilimia 65.

Mwaka 1986 kiti hicho kikawa wazi, Bond akaacha Seneti ili akigombee. Akakutana na John Lewis, mtoto wa wakulima maskini wa Alabama, aliyekuwa mwenyekiti wa SNCC na rafiki yake kwa miaka ishirini na zaidi. Katika mchujo wa Agosti Bond alipata asilimia 47, Lewis 35. Duru ya pili ikawa chungu. Lewis aliwaambia watu wachague boti ya kazi, waache boti ya mapambo, na katika mdahalo akamtaka Bond wapime wote dawa za kulevya, Bond akakataa. Tarehe 2 Septemba Lewis alishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Weusi wengi walimpigia Bond, Wazungu kwa wingi mkubwa wakampigia Lewis. Eneo ambalo Bond alilipigania ili kura ya Weusi ndiyo iamue, liliamuliwa na wengine. Lewis alikitumikia kiti hicho hadi kifo chake mwaka 2020, na kwa haki kabisa anahesabiwa miongoni mwa wabunge waadilifu wa zama zake. Urafiki wao ulichukua miaka kupona.

Bond hakugombea tena. Alifundisha chuo kikuu na aliongoza bodi ya NAACP, shirika la kutetea haki za Weusi, kuanzia 1998 hadi 2010. Alifariki Agosti 2015 akiwa na miaka 75.

Swali la kiti ni cha nani halikufa naye. Aprili 2023 Bunge la jimbo jirani, Tennessee, liliwafukuza wabunge wawili vijana Weusi, Justin Jones na Justin Pearson, kwa kuongoza maandamano ndani ya ukumbi wakidai sheria za bunduki baada ya wanafunzi na wafanyakazi kuuawa shuleni Nashville. Mabaraza ya kwao yaliwarudisha kwa muda ndani ya wiki moja. Agosti mwaka huo wapigakura wa Nashville na Memphis wakawachagua tena wote wawili.