Jina la Shirazi, Asili Yake na Maana Yake

Mtu akihama kwao, watu wa ugenini humwita kwa jina la huko alikotoka. Wasomaji wa Injili wanalijua jambo hili: Sauli ni wa Tarso, Simoni ni Mkirene, Yusufu ni wa Arimathaya. Waarabu na Waajemi huliita jina la namna hii nisba, nao huliweka mwisho, baada ya jina la mtu mwenyewe na la baba yake na la babu yake. Mtu wa Baghdad huitwa Baghdadi, na mtu wa Shiraz huitwa Shirazi. Basi maana ya jina hili ni nyepesi. Lakini habari zake katika pwani yetu si nyepesi, na sisi wa Mafia tuna sababu ya kuzitazama vema.

Shiraz ni mji mkubwa wa Uajemi, nchi iitwayo leo Iran. Ni mji wenye sifa ya elimu, nao ni kwao Saadi na Hafez, washairi walio maarufu hata leo. Lakini Shiraz si bandari. Upo bara, ng'ambo ya milima. Bandari ya nchi ile hapo kale ilikuwa Siraf, na vyombo vyake vilisafiri mpaka Bara Hindi na China, na vingine vilishuka pwani ya Afrika. Katika mwaka 977 Siraf ilipigwa na tetemeko la nchi, na baadaye biashara yake ikafifia. Kwa hiyo yafikirika kwamba wengi walioitwa Washirazi walikuwa mabaharia na wafanya biashara wa pwani ile, nao wakajulikana kwa jina la mji ulio mashuhuri katika nchi yao.

Habari za kuja kwao zimeandikwa katika historia ya Kilwa, nayo tunayo kwa njia mbili. Moja ni ya Kiarabu. Nakala yake ilitoka Unguja zamani za Sayyid Barghash, ikapelekwa Uingereza. Nyingine imo katika kitabu cha Mreno João de Barros, kilichopigwa chapa mwaka 1552. Ile ya Kiarabu yasema kwamba baba na wanawe sita walitoka Shiraz kwa majahazi saba, na kila jahazi likatua mahali pake: moja Mombasa, moja Pemba, moja Kilwa, moja Nzwani, na mengine kwingineko. Aliyefika Kilwa akakinunua kisiwa kwa mwenyewe kwa nguo nyingi za rangi. Mafia nayo imetajwa, maana mwana wa mfalme yule aliwekwa kuitawala.

Barros anaongeza neno ambalo wengi hulipita upesi. Asema kwamba Ali, yule aliyeanzisha utawala wa Kilwa, alidharauliwa na ndugu zake kwa sababu mama yao alikuwa wa ukoo wa wakuu wa Uajemi, bali mama yake yeye alikuwa mtumwa wa Kihabeshi. Ndiyo sababu aliondoka kwenda kutafuta mahali ambapo hatadharauliwa. Basi hata kwa kuifuata hadithi yenyewe, Mshirazi wa kwanza wa Kilwa alikuwa mwana wa mwanamke wa Afrika kabla hajaiona Kilwa.

Je, hadithi hiyo ni kweli? Ardhi imetoa ushahidi kidogo. Katika rasi ya Kisimani, upande wa magharibi wa Mafia, palikuwa na mji wa kale ambao sehemu yake imeliwa na bahari. Neville Chittick alichimba huko, na mwaka 1961 akatoa taarifa yake. Katika Mafia na Kilwa zimeokotwa sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan. Mwaka 1984 sarafu nyingine za jina hilo zilionekana Mtambwe Mkuu, katika Pemba, ndani ya hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000. Pamoja nazo zilikuwamo sarafu chache za dhahabu za nchi za mbali, na ya mwisho kati ya hizo ni ya mwaka 1066. Basi mfalme mwenye jina la Ali alikuwapo, na fedha yake ilipita katika visiwa hivi.

Hata hivyo wataalamu wengi wa karne ya 20 walishuku. Walisema kwamba miji ya pwani ilijengwa na Waafrika, kwamba lugha ya Kiswahili ni ya Kibantu, na kwamba jina la Shirazi ni kilemba walichojivika watu wapate heshima. Mwaka 2023 shauri hili lilipata nuru mpya. Wataalamu walichunguza mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kama Manda, Mtwapa, Kilwa na Songo Mnara. Walitazama vinasaba, yaani alama za uzazi ambazo kila mtu huzirithi kwa baba na kwa mama. Waliona kwamba tangu karibu na mwaka 1000 watu wa Afrika na watu wa Asia walikuwa wameanza kuchanganyika. Katika wengi wao, alama zilizotoka kwa akina baba zilielekea Uajemi, bali zile zilizotoka kwa akina mama karibu zote zilikuwa za Afrika.

Basi wote wawili walikuwa na haki, mzee aliyesimulia majahazi saba na mtaalamu aliyesema kwamba miji hii ni ya Afrika. Baba alileta jina. Mama alikuwa na nchi, na ukoo, na lugha. Naye ndiye aliyemfundisha mtoto kusema, na kwa hiyo mtoto wa Mwajemi alisema Kiswahili. Lakini nisba hufuata baba tu. Kwa hiyo jina la mgeni mmoja limesomwa vizazi kwa vizazi, na majina ya akina mama wenyeji yamesahauliwa.

Jina la namna hii likidumu sana huwa ngazi ya kupandia watu. Katika Mafia wako Wambwera, Wapokomo na Wagunya, na katika habari za Kua, mji wa kale wa kisiwa cha Juani, wanatajwa Washatri, ambao asili yao ni Hadhramaut. Tena walikuwako wengi walioletwa kwa nguvu kutoka bara kulima minazi ya wengine, na watu hao hawakuulizwa nisba yao. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika mwaka 1922, lakini swali la “Wewe ni wa nani?” halikukoma siku ile.

Ndiyo maana jina la Shirazi lilienea sana katika karne ya 20, hasa Unguja na Pemba. Aliyejiita Mshirazi alikuwa akisema, “Mimi ni mwenyeji, si mgeni wala mtumwa.” Wengine ambao wazee wao walikuwa watumwa nao walilitwaa. Mwaka 1957 jina hilo likaingia katika chama cha siasa, Afro-Shirazi, ambacho mwaka 1977 kiliungana na TANU kuwa Chama cha Mapinduzi. Lakini kama jina la mwisho la mtu halikuenea hivyo, kwa maana watu wa pwani wengi huandika jina la baba na la babu, wakaishia hapo.

Mtu asione haya kuitwa Shirazi, wala asimcheke aitwaye hivyo, kwa kuwa jina hili lina ukweli ndani yake. Ila ni ukweli wa upande mmoja. Wewe uwezaye kuandika, mwulize bibi yako jina la mama yake, na la mama wa mama yake, na kijiji walichotoka, ukayaandike katika daftari kabla hayajapotea. Upande huo wa nasaba haukuandikwa na mtu wa Kilwa wala na Mreno.