Mtu-chui: kutoka misitu ya Beni hadi kitabu cha watoto

Mtoto wa Butembo anayetazama katuni za Tintin kwenye simu ya kaka yake atamfuata yule mwandishi wa habari kijana hadi Misri, Peru, Tibet, hata mwezini. Kongo hatafika naye. Mfululizo uliotengenezwa na Ellipse ya Ufaransa na Nelvana ya Kanada mwaka 1991 na 1992, wenye sehemu 39, ulivifuata vitabu vya Hergé, mchoraji wa Tintin, karibu sana, lakini kile cha Kongo uliruka. Steven Spielberg naye, mwaka 2011, alichota hadithi yake katika vitabu vingine vitatu.

Sababu haihitaji kutafutwa mbali. Tintin nchini Kongo kilianza kutoka gazetini Brussels tarehe 5 Juni 1930, kimeandikwa na kuchorwa na kijana ambaye hakuwahi kukanyaga ardhi yetu. Waafrika wamo humo kama watoto wasiojua kitu. Mwaka 1946, alipokichora upya kwa rangi, Hergé mwenyewe alibadilisha somo la darasani: mahali ambapo Tintin aliwafundisha watoto Wakongo kwamba nchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu ya kujumlisha. Mwaka 2007 Mkongo aishiye Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alikipeleka mahakamani. Mwaka 2012 majaji wakalikataa dai lake.

Wapenzi wa vitabu hubishana kama filamu imekuwa mwaminifu kwa kitabu. Kwa kitabu hiki, sisi wa upande huu wa nchi tuna haki ya kuuliza jambo la awali zaidi: kitabu chenyewe kilikuwa mwaminifu kwa kitu gani? Kuna kurasa ambazo zinatugusa kwa karibu. Mganga wa kijiji anashirikiana na mhalifu wa Kizungu kumuua Tintin, tena kwa namna ya kufanya ionekane ameraruliwa na chui. Anavaa ngozi ya bandia yenye madoa na kushika makucha ya chuma.

Hergé hakubuni vazi hilo. Alilikuta katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, kwenye sanamu iliyotengenezwa na Paul Wissaert mwaka 1913 kwa agizo la Wizara ya Makoloni. Ukiiangalia utaona mtu aliyejifunika kichwa na mwili kwa nguo yenye madoa, makucha mkononi, ameinama juu ya mtu aliyelala usingizi. Wageni wengi waliitazama wakaondoka na hofu. Aliyemtuma muuaji huyo hakuchongwa.

Na hapo ndipo ilipo historia. Mauaji ya watu-chui, walioitwa anioto miongoni mwa Babali na vihokohoko upande wa Beni, yalitokea kweli katika misitu ya kaskazini-mashariki mwa Kongo wakati wa ukoloni. Mwanahistoria Vicky Van Bockhaven, aliyechambua nyaraka za wakati huo, ameonyesha kwamba kiini chake kilikuwa ugomvi wa madaraka. Wabelgiji walipopanga upya utawala wa wenyeji, wakaunganisha koo na kuwapandisha machifu wa kuwatumikia, waliosukumwa pembeni walikuwa na silaha moja ya siri. Alama za makucha mwilini mwa marehemu zilimsingizia mnyama, na familia ikabaki na hofu isiyo na jina. Waathiriwa mara nyingi walikuwa watu wanyonge wasio na sehemu yoyote katika ugomvi huo.

Sinema iliendelea na kosa lilelile la kumwacha nje aliyemtuma muuaji. Edgar Rice Burroughs alitoa kitabu cha Tarzan na watu-chui mwaka 1935. Mwaka 1946 studio ya RKO ikatoa filamu ya Tarzan, aliyeigizwa na Johnny Weissmuller, kuhusu malkia wa kundi la watu-chui, iliyopigwa California. Hadithi ya kitabu karibu yote ilitupwa, yakabaki makucha na madoa. Hapo uaminifu kwa kitabu usingesaidia lolote, kwani kitabu nacho hakikujua kitu.

Mchoraji Mkongo Chéri Samba aliona mapema kwamba sanamu ya Tervuren ina tatizo. Katika mchoro wake wa mwaka 2002, Wakongo wanaivuta sanamu hiyo kwa kamba ili itoke nje ya jumba la makumbusho, na Wazungu wanaing'ang'ania isitoke. Tangu jumba lilipofunguliwa upya mwaka 2018, sanamu imewekwa katika chumba cha chini.

Mimi nataka filamu itakayotengenezwa na watu wa kwetu. Goma kuna kituo cha sanaa cha Yolé!Africa, ambako vijana hujifunza kushika kamera, na watu wa Beni, wanaozika ndugu zao tangu mauaji ya raia yalipoanza huko Oktoba 2014, hawahitaji kufundishwa kwamba baada ya mauaji swali ni nani aliyewatuma wauaji. Filamu hiyo isianze msituni usiku. Ianze mchana, barazani, siku ofisa Mbelgiji anapomvika nishani ya uchifu mtu ambaye ukoo haukumchagua, huku yule aliyestahili akiwa amesimama palepale mbele ya watu wake.