Adhabu ya kifo na utesaji: harakati za kupinga, Tunduma na mkoa wa Songwe

Harakati za kimataifa za kupinga adhabu ya kifo na utesaji zina sura ya pekee katika mkoa wa Songwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kwa kuwa mkoa huo unapakana na nchi mbili ambazo sheria zake zimeshabadilika. Tunduma imeshikana na Nakonde ya Zambia. Wachuuzi, wabadilisha kwacha na madereva wa malori hupita huku na huku kutwa nzima, na kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019. Upande wa wilaya ya Ileje, mto Songwe ndio mpaka na Malawi. Mtu akiua kwa kukusudia Nakonde, adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Akiua Tunduma, ni kunyongwa hadi kufa.

Zambia ilinyonga mara ya mwisho mwaka 1997, na Desemba 23, 2022 Rais Hakainde Hichilema alitia saini sheria iliyoondoa kitanzi kwenye Kanuni ya Adhabu. Nchini Malawi, kesi ya Kafantayeni ya mwaka 2007 ilimpa jaji uhuru wa kupima mazingira ya kosa kabla ya kuhukumu. Tanzania haijamnyonga mtu tangu miaka ya 1990, lakini kifungu cha 197 cha Kanuni ya Adhabu hakimwachii jaji nafasi yoyote: akishamtia mtu hatiani kwa mauaji, hukumu ni moja. Wanaoepushwa ni wajawazito na waliotenda kosa wakiwa chini ya miaka 18.

Mshitakiwa wa mauaji kutoka Tunduma hana dhamana. Hufikishwa kwanza mahakama ya chini, ambako hatakiwi kujibu lolote kwa sababu mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi yake. Hapo hutajiwa tarehe baada ya tarehe, upelelezi haujakamilika, mpaka jalada lifike Mahakama Kuu. Katika kesi hizi utesaji na kitanzi hukutana, maana ushahidi unaotegemewa unaweza kuwa maelezo ya onyo, yaani kauli ya mtuhumiwa iliyoandikwa kituo cha polisi. Mshitakiwa akisema alipigwa ndipo akakiri, jaji husimamisha shauri na kuendesha kesi ndogo ndani ya kesi, na upande wa mashitaka ndio wenye wajibu wa kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari. Ibara ya 13(6)(e) ya Katiba inakataza kumtesa mtu. Hata hivyo Tanzania haijaridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa dhidi ya Utesaji wa mwaka 1984, ambao Malawi iliuridhia mwaka 1996 na Zambia mwaka 1998. Mkataba huo unaitaka nchi iufanye utesaji kuwa kosa la jinai na kutoa taarifa zake mbele ya kamati ya wataalamu. Anayeteswa Tunduma hana kinga ya mkataba huo; wa Nakonde anayo.

Wanaotaka kitanzi kibaki wana machungu yao, na si ya kubezwa. Wilaya ya Mbozi, mkoani humo humo, iliwahi kutikiswa na mauaji ya watu waliochunwa ngozi kwa imani za kishirikina, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kisha yakaja mauaji ya watu wenye ualbino, hasa kanda ya ziwa. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikikaa Kahama iliwahukumu watu watatu kunyongwa kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Mauaji hayo hayakukoma baada ya hukumu, na hapo ndipo hoja ya kwamba kitanzi kinatisha inapopwaya.

Ndani ya nchi, hatua kubwa kuliko zote ya kupinga kitanzi ilitoka Dodoma. Mwaka 1994, katika kesi ya Mbushuu, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inakiuka Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, ila ikasema ibara ya 30(2) inairuhusu kwa maslahi ya umma. Ni vigumu kuusoma uamuzi huo bila kushangaa: ukatili umekubaliwa, kisha ukaachwa uendelee. Mwaka 2017 Rais John Magufuli alisema hadharani kuwa hatatia saini ya kumnyonga mtu. Novemba 28, 2019, katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha iliamua kuwa adhabu ya kifo ya lazima inakiuka haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Mwezi huo huo Tanzania iliwasilisha taarifa ya kuondoa tamko lililowaruhusu raia kufungua kesi moja kwa moja katika mahakama hiyo.

Kwa mji wa mpakani kuna suala jingine, la kurejesha watuhumiwa. Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Cape Town mwaka 1999 kwa shambulio la bomu katika ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, akakabidhiwa kwa Wamarekani. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kuwa serikali ilikosea kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatauawa. Huko Marekani alihukumiwa kifungo cha maisha. Swali kama hilo linaweza kuizukia Zambia, kwani nayo sasa imefuta kitanzi katika Kanuni yake ya Adhabu, na anayetuhumiwa kuua Tunduma anaweza kufika Nakonde kwa miguu.