Heligoland Baada ya Mkataba

Aliyesoma historia sekondari anaujua Mkataba wa Heligoland wa 1890: Mwingereza aliachiwa Unguja na Pemba, Mjerumani akapewa kisiwa kile cha Bahari ya Kaskazini. Nimeufundisha hivyo miaka nenda rudi, nikiongeza kwa ubishi wangu kwamba Unguja haikuwa ya Mjerumani hata aiachie. Kitabu kinakomea hapo. Kisiwa chenyewe, na majabali yake mekundu, hakitajwi tena.

Berlin ilikitaka kwa ajili ya manowari, na manowari zikaenda. Lakini 1892 kilianzishwa pia kituo cha utafiti wa bahari. Ngome za kivita zililipuliwa Aprili 1947, tena na Waingereza hao hao waliokitoa kisiwa. Kituo kilijengwa upya.

Hapo ndipo mtafiti Wulf Greve alipohangaika na tenofora, mnyama anayefanana na konyeza ila hawashi. Pleurobrachia wa huko ni tone la utelezi, ukubwa wa zabibu, lenye safu nane za vinyweleo vinavyopiga maji bila kupumzika. Mwanga ukizigusa, rangi zote za upinde wa mvua hupita mwilini. Mtaalamu wa wanyama Carl Chun alikwisha kuwaandikia tenofora wa Ghuba ya Napoli kitabu kizima mwaka 1880, lakini kumjua mnyama si kumfuga. Huyu hajazaliwa kukutana na ukuta. Kwenye tangi la kawaida atabanwa pembeni, minyiri inase, mwili uchanike.

Mwaka 1968 Greve alitangaza chombo alichokiita planktonkreisel: maji yanazunguka polepole mfululizo, mnyama anaelea katikati bila kugusa kitu.

Ikabaki kazi ya chakula, na kwangu hii ndiyo kazi hasa. Pleurobrachia hula kopepoda, vidudu vidogo vya baharini. Kopepoda hula mwani. Greve akataka pia kumfuga Beroe gracilis, tenofora asiye na minyiri, ambaye chakula chake ni Pleurobrachia. Basi anayetaka mmoja hufuga wanne. Ukizembea kwenye chupa za mwani, njaa inapanda ngazi mpaka kwa Beroe.

Mnemiopsis, tenofora wa Marekani, ni mwepesi zaidi kufugwa: hujitungisha mwenyewe na hutaga mayai kwa maelfu. Wepesi huo huo wa kuzaana uliwaponza wavuvi wa dagaa wa Bahari Nyeusi, alipofikishwa huko na maji ya meli miaka ya 1980.

Mwaka 2020 wafugaji wa akwaria ya Monterey Bay, California, walichapisha mbinu ya mirija miwili ya akriliki, maji yakipenya taratibu toka mmoja hadi mwingine. Walizalisha kwa wingi jenasi tano za tenofora, kwa gharama ndogo. Maabara zetu za pwani zingeweza kuijaribu; kopepoda hatuwanunui, ni kushusha wavu tu.