Ngozi ya Paja

Mathe mmoja wa ploti yetu, Kawangware 56, ana kiraka cha ngozi mkononi. Stovu ya mafuta taa ilimlipukia. "Hii ni ya paja," aliniambia nilipokodoa macho.

Kiraka hicho kimetoka mbali. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Archibald McIndoe aliwapandikizia ngozi marubani walioungua, huko East Grinstead, Uingereza. Michael Wood alijifunza kazi hiyo kwake. Mwaka 1957 wawili hao, pamoja na Mmarekani Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari wa ndege Afrika Mashariki. Ndiyo Amref ya leo, pale Wilson. Kutoka Kibera unafika kwa miguu.

Daktari huchota ngozi nyembamba kama karatasi. Siku za kwanza kipande hunywa majimaji ya kidonda tu, hadi mishipa ya damu iingie. Paja nalo hujiotesha upya kutoka kwenye mashina ya nywele yaliyobaki (mwili si mchezo). Mwaka 1975, Marekani, James Rheinwald na Howard Green waliotesha seli za ngozi maabarani. Mtaani kwetu bado ni paja.

Na mathe anaapa paja ndilo lilimuuma, kuliko mkono.